Sista na Chupa za Mama Chupa

Daftari za Sista ziliazimwa na darasa zima kama kinu cha jirani. Zilikuwa nadhifu ajabu: vichwa vya habari kwa wino mwekundu, magonjwa kwa buluu, dalili kwa kijani, na chini ya kila kichwa mstari uliopigwa kwa rula. Mwenyewe alikuwa na miaka thelathini na tisa, mwanafunzi mkubwa kuliko wote wa mwaka wa tatu wa udaktari. Kabla ya hapo alikuwa muuguzi wa wodi kwa miaka kumi na minne, ndiyo maana wenzake walimwita Sista, na jina likamganda. Wodini alizoea kuandika kila kitu: nani kapewa dawa gani, saa ngapi, kaitapika au hakuitapika. Chuoni akaendelea vivyo hivyo. Mhadhiri akikohoa, Sista anaandika.

Siku matokeo ya patholojia yalipobandikwa ukutani, wote walioazima daftari zake walikuwa wamepita. Mwenye daftari alipata arobaini na moja, na kufaulu ni hamsini.

"Pole, Sista," alisema kijana mmoja wa darasa lake, uso umemshuka kwa aibu. "Sisi tulikuwa tunafunga daftari lako tunaulizana maswali. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naandika lingine," Sista akajibu.

Patholojia ni somo la namna ugonjwa unavyouharibu mwili, na bila kulifaulu hakuna anayevuka kwenda mwaka wa nne. Barua ya chuo ilikuwa fupi: mtihani wa marudio ungefanyika baada ya wiki sita, nao ungekuwa wa mwisho. Akishindwa, arudi wodini, kwa watu waliokwisha kumuaga kwa hotuba na keki. Alifikiria lile lango la hospitali, na wenzake wakimpisha kwa huruma, akaona heri ardhi immeze.

Kesho yake saa mbili asubuhi alikuwa kwenye chumba cha vielelezo. Kilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya juu na harufu ya dawa inayochoma pua. Kwenye rafu zake zilipangwa chupa za kioo mia moja na themanini, kila moja ina kiungo cha mwili kilichoharibiwa na ugonjwa fulani, na kibandiko cha kueleza ni kitu gani. Aliyezitunza alikuwa mwanamke mfupi aliyefunga miwani yake kwa uzi. Aliishia kidato cha nne, lakini miaka ishirini na miwili alikuwa akibadilisha dawa kwenye chupa zile na kuwasikiliza maprofesa wakizieleza. Wanafunzi walimwita Mama Chupa, naye aliitika.

Sista alivuta kiti, akapanga kalamu zake tatu, akaanza kunakili vibandiko. Alikuwa kwenye kibandiko cha tatu au cha nne Mama Chupa alipokuja kusimama nyuma yake.

"Unafanya nini, mwenzangu?"

"Naandika, mama."

"Mwaka mzima umeandika. Ukapata ngapi?"

Sista akainamia daftari.

"Basi funga. Na kalamu weka huko, zisije zikajiandikia zenyewe." Mama Chupa akapita kwenye rafu akizigeuza chupa moja moja, vibandiko vikatazama ukutani. "Hapa kwangu anayerudia mtihani ana sheria yake. Hageuzi chupa mpaka aniambie mambo matatu: hiki ni kiungo gani, kimeharibika vipi, na mwenyewe alikuwa akilalamika nini alipokuwa hai. Ukikosea, kosea kwa sauti nisikie. Kosa la kimoyomoyo halifundishi mtu."

Siku ya kwanza alipata chupa tano kati ya ishirini. Mambo aliyokuwa ameyaandika kwa rangi tatu, tena mara mbili, yalikataa kabisa kutoka kinywani. Alikuwa anayafahamu yakiwa mbele ya macho yake, kumbe ukiyaondoa hana kitu. Siku ya pili akapata saba. Mwisho wa wiki akapata kumi na mbili. Wiki ya pili ilipoisha alikuwa amepata kumi na tisa kati ya ishirini, na alirudi nyumbani karibu akimbie, mkoba unampiga mgongoni.

Nyumbani alikuwapo mama mkwe, aliyekaa nao tangu alipofiwa na mumewe. Mume wa Sista alikuwa fundi wa kuchomelea, anarudi jioni amechoka, macho mekundu. Akisomewa ugonjwa mmoja tu anasinzia. Mama mkwe hakusinzia. Alikaa jikoni akichambua mchele, na Sista akamgeuza mwanafunzi wake.

"Mkwe, leo umekuja na nini?" mama mkwe akauliza.

"Ini, mama. Ini likiumia miaka mingi linajaa makovu, linasinyaa, linakuwa na vinundu vinundu. Halafu tumbo la mgonjwa linajaa maji."

"Maji yanatoka wapi?"

"Yanatoka..."

"Ini si liko juu huku? Tumbo chini yote hii. Hayo maji yameletwa na nani? Ee, mkwe! Miaka yote hiyo shule, ada inalipwa, mwanangu anaungua macho, na hujui maji yametoka wapi?"

Alikuwa anatania, lakini swali lilikuwa swali. Sista alikuwa ameliandika neno hilo, likaishia hapo. Sababu yake hakuwahi kujiuliza. Akakimbilia kitabu, akasoma kurasa mbili tu, akakifunga, akachora kwa mkaa nyuma ya karatasi ya unga. Kisha akarudi jikoni mbio.

"Mama! Damu yote ya utumbo lazima ipite kwenye ini kabla ya kurudi kwenye moyo. Sasa makovu yamebana njia. Damu inarundikana nyuma, inasukuma, majimaji yake yanachuruzika tumboni. Na ini lenyewe limechoka, halitengenezi tena ile protini inayoyazuia maji yasitoke kwenye mishipa!"

Mama mkwe akafikiri, ungo umetulia mapajani. "Kama foleni ya zahanati, mlango wa daktari uko nusu wazi. Watu wanajaa mpaka uani."

"Hivyo hivyo, mama!"

"Basi hata mimi ningefaulu," akasema, akaendelea kuchambua.

Tangu hapo hakuna ugonjwa uliopita jikoni bila kuulizwa "kwa nini" mara nne au tano. Sista aliona raha ambayo hakuipata tangu aanze chuo. Asubuhi kabla ya chai alichukua karatasi tupu na kuandika yote aliyoyakumbuka ya jana, ndipo afungue kitabu aone alichosahau. Aliyoyajua aliyaacha siku tatu, kisha wiki, akajiuliza tena ghafla, figo zimechanganywa na mapafu ili asijue linalofuata. Yaliyomshinda aliyarudia kesho yake.

Wiki ya nne, siku ya Alhamisi, aliingia kwa Mama Chupa kifua mbele.

"Leo nataka ishirini kwa ishirini."

"Karibu."

Sista akaanza. Chupa ya kwanza, hata hakusimama vizuri: "Ini. Limesinyaa, limejaa makovu. Mgonjwa alijaa maji tumboni." Ya pili: "Ini, lina saratani iliyotoka sehemu nyingine ya mwili." Ya tatu, ya nne, akatiririka kama bomba, mpaka ishirini zikaisha. Akageuka akitabasamu.

"Tisa," alisema Mama Chupa.

"Tisa nini?"

"Umepata tisa. Geuza uone."

Sista akageuza ile ya kwanza. Kibandiko kikasema saratani iliyosambaa. Akageuza ya pili: makovu. Akazisogeza karibu na dirisha, akaziangalia kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Moja lilikuwa ini kubwa lenye madonge meupe, mengine madogo, mengine makubwa, yametawanyika ovyo, na kati yao nyama nzima. Jingine lilikuwa dogo, gumu, lote vinundu vilivyolingana, hakuna pa kupumulia. Hata mtoto angezitofautisha.

"Lakini makovu ndiyo ya mfuniko uliopasuka!" alipiga kelele.

"Jana nilibadilisha dawa," alisema Mama Chupa bila haraka. "Mifuniko ikachanganyika. Na chupa zilizokuwa na dawa ya njano sasa zote nyeupe. Nikasema hebu tuone."

Sista akakaa kitini. Wiki nne! Wiki nne alikuwa amejifunza mifuniko, nyufa na rangi ya dawa. Pafu lile alilolijua sana, alilijua kwa sababu chupa yake ilipinda shingo. Alitaka kulia, lakini kilichomtoka kilikuwa kicheko, kikampanda mpaka akashika mbavu, na Mama Chupa naye akaanza, miwani ikamning'inia kwenye uzi.

"Mama, ningeulizwa habari za vifuniko ningepata mia!"

"Hukuanza wewe. Wako wengi walioishia kwenye vifuniko, leo wanaitwa daktari." Akajifuta machozi. "Sasa tazama. Mficha uchi hazai. Bora umeumbuka kwangu."

Jioni ile Sista alinunua daftari jipya. Hakulipigia mistari wala hakulitia rangi. Ndani yake aliandika makosa yake tu, na mbele ya kila kosa, ni kitu gani alikiona badala ya kile alichopaswa kukiona. Wiki mbili zilizobaki alichelewa kwenye kila chupa kwa makusudi. Ukubwa kwanza, kisha uso wake, kisha rangi, kisha palipokatwa. Jina mwisho kabisa. Mama Chupa alihamisha chupa kila asubuhi kama mtu anayechanganya karata.

Siku ya mtihani walianza na karatasi, na baada ya siku tatu ukaja wa ana kwa ana. Sista aliingia akiwa wa kwanza. Mezani alikaa profesa mgeni kutoka chuo kingine, mwanamke mkimya mwenye kalamu moja, alama za karatasi ziko mbele yake. Alisukuma chupa tatu, Sista akazitaja zote sawasawa. Kisha akainama chini ya meza akatoa ya nne, aliyokuja nayo mwenyewe. Ndani ya chupa moja vilikaa viungo viwili.

"Sijawahi kuiona chupa hii, Profesa."

"Sijakuuliza kama umewahi kuiona."

Sista akaisogeza karibu na mwanga.

"Hiki cha kushoto ni moyo, umepasuliwa. Upande wa kulia ukuta wake wa kawaida. Upande wa kushoto mnene, karibu mara mbili ya unavyotakiwa, na nafasi ya ndani imebanwa." Akatazama tena. "Hiki cha pili ni figo. Dogo mno. Uso wake una chembechembe, kama msasa. Nyama ya nje imebaki nyembamba."

"Endelea."

"Upande wa kushoto ndio unaosukuma damu mwili mzima. Ukinenepa peke yake, maana yake umekuwa ukisukuma dhidi ya kizuizi kwa muda mrefu. Na figo linasinyaa hivi mishipa yake midogo ikikakamaa, damu ikalipungukia kidogo kidogo." Sauti ilianza kumpanda. "Profesa, haya si magonjwa mawili! Ni mtu mmoja, presha moja, miaka mingi!"

"Alilalamika nini?"

"Huenda hakulalamika chochote! Ndio ubaya wake. Wodini tulikuwa tunawapokea wameshapooza upande mmoja, wanasema jana tu nilikuwa shambani. Na tena figo likishaharibika nalo linapandisha presha zaidi, kwa hiyo moyo unazidi kunenepa, kwa hiyo..."

Profesa aliandika namba, akaijumlisha na ile ya karatasi, akaipigia mstari.

"Inatosha. Umefaulu, tena vizuri. Mwite anayefuata."

Sista alikuwa amekwisha kuigeuza chupa upande wa pili, pua imekaribia kugusa kioo.

"Naomba dakika moja, Profesa," alisema. "Hapa kwenye mshipa kuna kitu cha njano, sijakisema bado."