Mwaka Niliosema Nitakimbia

Kanisani kwetu, huku milimani upande wa Kangundo, ibada ya kwanza ya mwaka ina desturi yake. Mchungaji akimaliza kuhubiri huuliza nani ana neno la mwaka, na mwenye neno husimama akalitoa mbele ya wote. Si ombi wala ushuhuda. Ni kusema utafanya nini, na ukishasema, neno limekuwa la watu. Utaulizwa sokoni, utaulizwa ukipanga foleni ya kusagisha mahindi, na wa kukuuliza hawakosi.

Mwaka huo mmoja alisema atamaliza nyumba yake ya mawe. Mwingine akasema ataacha pombe, akapigiwa makofi kama alivyopigiwa mwaka uliotangulia. Ndipo nikasimama mimi, fundi wa nguo, mwanamke wa makamo ambaye makalio yake yamechukua umbo la kiti cha cherehani, nikasema mwaka huu nitakimbia.

Waliitikia amina kwa nguvu hata nikashangaa. Mchungaji akaongeza maneno mazuri kuhusu mbio za imani, kwamba wanaoanza ni wengi na wanaofika ni wachache. Nyuma yangu wanawake wawili walicheka chinichini, na nilijua wanacheka nini, maana kwetu mwanamke akisemwa amekimbia, ameacha mume na watoto akaenda zake. Mimi sikuwa na mume wa kumkimbia. Ningefafanua pale pale kwamba nazungumzia miguu hii miwili, yaliyofuata yasingetokea. Lakini makofi ni matamu, nikakaa.

Sababu ya kukimbia ilikuwa mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba. Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto, kikamwachia akili yake yote. Ndugu zangu wako Mombasa na Syokimau, na mapenzi yao huja kwa simu. Mimi ndiye wa kumwosha, kumlisha na kumgeuza kitandani kabla sijaenda dukani kushona sare za shule. Muda mfupi kabla ya Krismasi nilikwenda kliniki kwa ajili ya kichwa kilichokuwa kikiniuma. Daktari akanipima presha, akanipima tena, kisha akaniuliza kama kwetu kuna mtu aliyewahi kupata kiharusi. Nilipomwambia, akasema nisipoutoa mwili jasho kila siku, nyumba ile ile itahitaji kitanda cha pili. Akaniuliza nikilala mimi, nani atatugeuza. Swali hilo nilirudi nalo nyumbani, nikalala nalo, ndilo lililonisimamisha kanisani.

Jumatatu kulipoanza kupambazuka nilimgeuza mwaitu, nikamwashia redio, nikavaa suruali ya traksuti. Nilikuwa nimeishona mwenyewe, shule ikanirudishia kwa sababu niliweka mstari mweupe mguu mmoja nikasahau wa pili. Nikatoka. Lazima mtu ajue kwamba barabara yetu haikimbiwi na watu wazima. Mwanafunzi hukimbia akichelewa, ng'ombe hukimbia akikata kamba. Mwanamke wa umri wangu akionekana anakimbia asubuhi, kwao kuna jambo. Haya nimeyajua tangu utotoni, lakini siku hiyo hayakunijia hata kidogo. Nilikuwa nafikiria magoti.

Karibu na kiwanda cha kahawa nilikutana na jirani yetu akipeleka maziwa. Alitua mkebe chini, akaniuliza kuna nini, ni susu? Susu ni bibi, na mtaa mzima ulimwita mwaitu hivyo. Sikuwa na pumzi hata ya neno moja. Nilimpungia mkono tu, kiganja nje, kumwambia hakuna kitu, nikapita. Sasa mkono ule ule unaosema hakuna kitu ndio pia unaosema hayupo tena, na mimi jasho lilikuwa likinitiririka machoni. Baadaye aliniapia kwamba aliniona nikilia.

Sikugeuka nyuma. Nilifika kijitoni, nikainama mikono magotini nikijisifu kama mtu aliyeshinda kombe, kisha nikarudi kwa njia ya juu, nikikimbia kidogo, nikitembea kidogo. Juu ya nyumba yetu njia hiyo ina kona, na ukishaikata unauona uwanja wetu wote. Nilipoikata nikikimbia, nikaona watu.

Wanawake walikuwa wamejifunga leso kiunoni. Moshi ulikuwa unapanda. Sufuria kubwa la kanisa, lile linalotoka stoo kwa harusi na matanga tu, lilikuwa limeletwa kwa wilbaro, na mtu alikuwa ameshaosha muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, uko kwenye beseni tayari kupikwa na maharagwe. Mzee mmoja alikuwa akipasua kuni. Nikajua, kama walivyojua wao, kwamba mwaitu amekufa nikiwa mbioni.

Kabla ya machozi, kabla hata ya kumwita, wazo moja lilinijia waziwazi, kama mtu ananinong'oneza sikioni. Basi kesho sitakimbia. Si kwamba sitamwosha, si kwamba sitamgeuza, hayo yalifuata baadaye. La kwanza lilikuwa hilo la miguu yangu. Na miguu ikalisikia, ikalegea kwa raha. Ule mteremko wa mwisho niliushuka nikitembea.

Nilipoingia uwanjani wale wanawake walinipisha, na katikati yao, kwenye kiti chake cha plastiki, blanketi magotini, alikuwa amekaa mwaitu anakunywa chai. Walikuwa wameingia ndani wakilia, wakamkuta kitandani akiuliza ni nani aliyekufa. Wasijue la kufanya, wakamtoa nje akaote jua, na waliokuwa na kazi mikononi wakaendelea nazo.

Ikabidi nieleze. Nilisimama mbele ya watu walioacha ng'ombe bila kukamuliwa kwa ajili yetu, nikataja presha, nikataja daktari, nikataja mazoezi, na kila nilipotaja kitu kilionekana kidogo kuliko nilivyokifikiria kliniki. Mzee wa kuni aliegemea shoka lake, akaniuliza kama zile mbio za kanisani ndizo hizi. Watu wakacheka mpaka wengine wakajifuta machozi waliyokuja nayo. Muthokoi ukapikwa, maana ulishaoshwa na moto ulishakolea. Mwaitu akalishwa chakula cha matanga yake mwenyewe, akaisifu chumvi yake. Nami nikapita na sahani katikati ya watu, mguu mmoja una mstari na mwingine hauna, natamani ardhi ipasuke niingie.

Walipoondoka nilikaa chini karibu na kiti chake. Tangu augue ulimi wake umekuwa mzito upande mmoja, kwa hiyo hasemi ovyo.

"Walikuja haraka sana," akasema. "Hata sufuria lilikuwa karibu."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimemwonyesha mama yangu jinsi anavyongojewa. Nikamwomba msamaha. Nikamwambia mbio nimeziacha, nitatafuta zoezi la ndani ya nyumba, na Jumapili nitasimama niwaambie watu neno langu limeishia hapo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshafurahia kupata sababu. Wengine huvunja ahadi zao kwa uvivu tu, mimi nilikuwa nimepata sababu ya kuivunja yangu kwa heshima ya mama.

Aliangalia jivu la moto wa watu.

"Ulifikiria nini ukituona kutoka pale juu?"

Nikamwambia nilishtuka.

"Mtu akisikia mama yake amekufa, anaongeza mbio," akasema. "Wewe ulipunguza. Nilikuwa nakuona katikati ya hizi leso zao."

Ningesema ni magoti, ningesema ni presha, ningesema mtu akipigwa na habari mbaya huishiwa nguvu. Yote yangekubalika na mtu mwingine yeyote. Nilitazama mguu wake wa kushoto, ule ambao mimi huukausha kwa taulo kidole baada ya kidole, nikaona aibu hata ya kuushika. Aliniacha nikae nayo aibu hiyo muda mrefu, kama zamani aliponikalisha chini baada ya kosa bila kunichapa.

"Si makosa," akasema mwishowe. "Hata mimi nimejichoka. Lakini ulisema mbele ya watu. Kesho unitoe mapema, uniweke hapo kwa njia, watu wanione niko. Halafu ukimbie."

Ndivyo tunavyofanya mpaka leo. Namwosha, namfunga kilemba, natoa kiti hadi kando ya barabara, namfunika blanketi, ndipo nafunga kamba za viatu. Wapitao wanamsalimu, wanaona yupo, na nikiwapita nikihema hakuna anayetua mkebe. Siku za mvua namweka kibarazani, lakini anataka kiti kielekee huko huko mlimani. Daktari anasema presha imeshuka. Mwenye kuacha pombe ameshaianza tena, mwenye nyumba ya mawe bado yuko kwenye msingi, na mwaka uliofuata mchungaji alinisimamisha mimi kanisani kuwa mfano wa mtu wa neno. Ahadi ni deni, akasema, na tazameni mwenzenu analilipa kila siku. Wakanipigia makofi kuliko mara ya kwanza. Mwaitu alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele, mkono wake mzima ukipiga paja kwa kuwa hakuwa na wa pili wa kuupigia. Sikujua niyaweke wapi macho yangu.

Sokoni pia wananisifu. Wateja wananiuliza nguvu naitoa wapi, nami najifanya natunga uzi kwenye sindano. Siwezi kuwaambia kwamba sikimbii kwa ajili ya presha. Nikifika pale kwenye kona juu ya nyumba, hata pumzi ikiwa imeniishia kabisa, naongeza mbio. Mwaitu yuko chini kwenye kiti chake, uso ameuelekeza kwangu, anaitazama miguu yangu.