Magazeti Chini ya Sweta

Mtaani walimwita Mama Kiberiti, na kwa jina hilo hakuna aliyemwonea. Ukimpelekea sweta kuukuu alinunue, hakuuliza umelipata wapi wala lina miaka mingapi. Alichomoa uzi mmoja kwenye pindo, akaubana kwa kibano, akawasha njiti. Uzi wa sufu huungua shingo upande, hunuka nywele zilizoungua, kisha hujizimia wenyewe na kuacha majivu yanayopukutika ukiyafikicha. Uzi wa plastiki hauna adabu hiyo. Huyeyuka, huchuruzika, na ukipoa huacha kitone cheusi, kigumu kama punje ya pilipili manga. Akikiona kitone hicho alikurudishia sweta lako bila kukutazama usoni, utadhani umemletea mali ya wizi.

Kazi yake ilikuwa kufumua na kufuma. Masweta ya mtumba yaliyochakaa viwiko aliyafumua, akaufua uzi kwa maji ya uvuguvugu, akauanika, akauzungusha kuwa madonge, kisha akafuma upya. Wateja wake walikuwa watu wa kazi za nje: walinzi, wachungaji, mafundi wa barabara, wale wa kupanda milimani wakiwa na mizigo mgongoni. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilijaa vikapu vya nyuzi, na siku za mvua kilinuka kama zizi la kondoo. Yeye mwenyewe alikwisha kuizoea harufu hiyo. Wageni walijikausha tu.

Ng'ambo ya barabara alikuwako muuza majaketi, kijana mcheshi, mwenye majaketi ya nailoni mekundu na ya buluu yaliyovimba kama mito ya kulalia.

"Mama Kiberiti, dunia imeenda mbele, kondoo wako wamebaki nyuma!" alimtania.

"Na hao kondoo wako wa kiwandani wakilowa, wanamfaa nani?"

Hakuwa mbishi wa bure. Alikubali kwamba jaketi la nailoni huzuia upepo na hukauka upesi. Lakini fanya nalo kazi, alisema, utoe jasho, kisha usimame kwenye upepo. Ndipo utakapojua umevaa nini. Sufu hata ikilowa bado huhifadhi joto la mwili, na unaweza kuivaa siku nyingi bila watu kukukimbia kwa harufu. Na mteja akiendelea kusitasita, alimwonyesha ukutani.

Pale ukutani, kwenye msumari, lilining'inia sweta la kijivu la marehemu mumewe. Mume huyo alikuwa fundi wa nyaya za umeme, wale wanaopanda nguzo kule juu kwenye ukingo wa milima, ambako upepo haumjui mkubwa wala mdogo. Sweta lile Mama Kiberiti alimfumia mwenyewe, enzi za ujana wao, kwa uzi alioununua dukani ukiwa umefungwa kwa karatasi yenye picha ya kondoo.

"Amepanda nguzo nalo mpaka alipostaafu," aliwaambia wateja. "Mvua, ukungu, barafu. Muulizeni yeyote mtakaye: hakulalamika baridi hata siku moja."

Mteja alilishika, akalipima uzito, akanunua. Lile sweta liliuza masweta mengine yote.

Na kila alipolisimulia alimalizia kwa kichekesho. Marehemu alikuwa na kituko chake: kila asubuhi alikunja magazeti ya zamani na kuyapachika kifuani, chini ya sweta. Mkewe akimuuliza, alijibu, "Juu ya nguzo kuna upweke, mke wangu. Napenda kuwa na cha kusoma." Watu walivunjika mbavu. Hata kwenye msiba wake walikisimulia kituko hicho, na waombolezaji wakacheka huku wanalia.

Siku moja bintiye aliingia na habari. Alikuwa amehitimu ufundi wa umeme, na amepangiwa kikosi kilekile cha baba yake, kwenye milima ileile.

"Mama, mkufunzi ametuonya. Chini ya sare tusivae nguo za plastiki. Cheche ikiruka zinayeyukia ngozini. Kasema tuvae pamba au sufu." Akageukia ukutani. "Naomba la baba."

Mama Kiberiti alifurahi mno. Alilitungua sweta kwenye msumari, akalikung'uta, akaona kiwiko cha kushoto kimeliwa. Akamwambia bintiye arudi kesho kutwa, litakuwa tayari.

Alipobaki peke yake alichomoa uzi kwenye kile kiwiko, apate kuulinganisha na nyuzi za kapuni. Mkono una mazoea yake. Kabla hajafikiri, ulikwisha kuchukua kibano na kuwasha njiti. Huu ujanja wa kiberiti alijifunza baadaye sana, alipoanza biashara, na nani angewaza kulipima sweta la marehemu?

Uzi ukayeyuka.

Alichomoa mwingine kwenye pindo. Ukayeyuka. Akachomoa wa mkononi, wa shingoni. Mezani vikawa vitone vyeusi vinne vimejipanga, na hakuna hata chembe ya majivu. Mganga hajigangi, wahenga walisema, na walisema kweli. Miaka yote hiyo alikuwa akiwahubiria watu sufu huku akiwaonyesha plastiki.

Aibu hiyo angeweza kuimeza. Lililomkaba lilikuwa yale magazeti. Alikaa kwenye kigoda chake, sweta mapajani, na kile kichekesho alichokisimulia kwa miaka kikageuka mbele ya macho yake kikawa mtu anayetetemeka. Akakumbuka mumewe alivyokuwa akirudi jioni na kwenda moja kwa moja jikoni kabla ya kumsalimu yeyote, akisema, "Nimelikumbuka jiko kuliko nilivyokukumbuka wewe." Hapo pia alikuwa amecheka.

Kesho yake alikuja Ngazi, mzee mrefu aliyefanya kazi na marehemu tangu ujana wao. Alifuata soksi zake. Mama Kiberiti alimpa soksi, akamvutia kiti, akammiminia chai.

"Shemeji, nina swali. Na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Uliza, shemeji."

"Mwenzio alikuwa anasikia baridi kule juu?"

Ngazi alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Akazigeuzageuza soksi mikononi.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," alisema mwishowe. "Alikuwa anatetemeka mpaka koleo linamponyoka. Nikampa koti langu la zamani, la sufu, zito. Analivaa kutwa. Tukishuka, pale kwenye kona ya pampu ya maji, analivua, ananirudishia, anakuja kwako na sweta lake."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akanijibu, 'Alilifuma akiwa mjamzito, miguu imevimba, kila jioni analipima mgongoni kwangu. Nitaanzia wapi kumwambia?' Akatuapisha sote. Nisamehe, shemeji."

"Mjinga mkubwa yule!" alisema Mama Kiberiti, na machozi yakamtoka bila kuyazuia. "Mimi nina mikono! Angesema nisingefuma jingine?"

 Ngazi alikaa naye mpaka chai ikapoa, wakimsema marehemu vibaya kwa upendo.

Sasa lilibaki la binti. Hapo Mama Kiberiti angeweza kudanganya, na uongo wenyewe ulikuwa mwepesi: sweta limechakaa mno, mwanangu, nitakufumia jingine. Jina lake lingebaki safi, na la baba pia. Lakini alikuwa amekwisha kuona uongo wa mapenzi unavyovaliwa, na baridi yake anavyoijua mvaaji peke yake. Binti aliporudi, alimkalisha mezani, akachomoa uzi wa tano, akauwasha mbele yake.

Binti alikitazama kile kitone. "Kwa hiyo baba alivaa plastiki?"

"Alivaa plastiki na gazeti."

Wakatazamana. Binti ndiye aliyeanza, mama akafuata, wakacheka mpaka wakashikana mabega, na kicheko kilipoisha walikuwa bado wameshikana, wanalia.

Lile la kijivu likarudi kwenye msumari. Mama Kiberiti alifungua kapu alilokuwa akilificha chini ya kitanda, lenye sufu ya kahawia aliyoitunza kwa ajili ya siku asiyoijua. Alipima kila donge kwa kiberiti, na kila lililopita alilipima tena. Akafuma mchana baada ya mchana dirishani, hamwitikii hata muuza majaketi. Sweta lilipokamilika binti alilivaa, akageuka huku na huku.

"Zuri sana, mama. Halina kasoro."

Mama alimshika mabega. "Hayo ndiyo maneno ya baba yako. Sikiliza. Mimi sitaki sifa. Ukisikia baridi huko, sema baridi. Likikuwasha, sema linawasha. Usinihurumie, mwanangu, nitakulaani."

"Nimekusikia, mama."

Akaenda. Alipopiga simu mara ya kwanza alisema, "Joto tele, mama, usiwe na wasiwasi," na Mama Kiberiti akaikata simu akiwa na wasiwasi kuliko mwanzo. Simu ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku hizo alifuma vibaya, akiruka matanzi kama mwanafunzi, na kila mteja aliyesema sweta lake halina neno alimtilia shaka. Mteja akimuuliza lile la ukutani, alijibu ni plastiki, tena mbaya, na aliyelivaa alikuwa mwongo mkubwa kuliko wote aliowahi kuwapenda.

Kisha simu ikalia mchana mmoja wa mvua. Sauti ya binti ilikuja na upepo nyuma yake.

"Mama."

"Naam."

"Huku kuna baridi. Nikinyoosha mikono juu sweta linapanda, upepo unanipiga kiunoni. Ni fupi, mama. Na shingoni linawasha."

Mama Kiberiti alikaa kwenye kigoda. 

"Fupi kiasi gani?"

"Kiganja kizima. Nimesikia baridi tangu siku ya kwanza, nilikuwa naogopa kukwambia."

"Kiganja kizima," alirudia mama, huku mkono wa pili ukilitafuta lile kapu. "Na shingoni. Haya. Kingine?"