Kuku Aliyepinga Nadharia

Miaka ya tisini, magugu yalipoziba ziwa, nilikuwa mkalimani wa kijana mmoja mtafiti kutoka chuo kikuu. Kwa nini alinichagua mimi niliyeachia shule darasa la saba, sijui. Labda ni kwa sababu nilikuwa na baiskeli. Nadharia yake ilikuwa kwamba kuku wakilishwa omena, wale dagaa wa ziwani, hutaga zaidi kuliko wa kujitafutia. Alishaitangaza chuoni, na shahada yake ilining'inia hapo.

Kuku wa makundi yote mawili tuliwaweka kwa mama mmoja mjane, Muhuru Bay, kando ya ziwa. Wa omena walinenepa, wakakaa kivulini kama wakwe. Upande wa wale wa kujitafutia makombo alikuwepo mweusi mmoja, shingo haina manyoya, akitaga kila siku. Yeye peke yake ndiye aliyeipindua hesabu. Ningesema mtafiti alimchukia, lakini nisimwonee: alimtazama tu sana, na siku moja akaguna mbele ya mama, "Huyu ananisumbua." Nami nikatafsiri. Ndiyo kazi niliyoajiriwa.

Tuliporudi wiki iliyofuata, tulikuta meza imeandaliwa. Ugali, mchuzi, na firigisi juu yake, sehemu ya mgeni mwanamume.

"Kula, mwalimu," mama alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Ile kuku nyeusi ilikuwa inakusumbua. Nimeimaliza."

Mtafiti alishika firigisi, asiitie mdomoni. Akaninong'oneza kwamba kanuni inaruhusu: kuku akifa kabla ya utafiti kwisha, anaondolewa kwenye hesabu. Bila mweusi, nadharia inasimama.

"Basi mambo yamenyooka," nikasema. Sijui kama nilishauri vizuri. Njaa nayo ilikuwepo.

"Kanuni ni ya ugonjwa, ndugu yangu," akajirudi. "Huyu amekufa kwa kunipinga."

Mama akaleta kibakuli. "Na hii yai nilipata tumboni. Ingetoka leo."

Tulibishana kama lihesabiwe. Mimi nilishikilia kwamba halijatagwa, haki ni haki, naye akakubali. Lakini aliandika kwamba yule mweusi ndiye aliyewashinda wote, na kwamba aliyesababisha kifo chake ni mtafiti mwenyewe. Alijua chuoni wangemrudisha kuanza upya. Ndipo akala firigisi, bila raha.

Mama aliniuliza kwa Kijaluo kijana ameandika nini. Nilipomweleza, akasonya.

"Mwambie akija tena aanze na dada wa yule kuku mweusi. Lakini asimtazame sana. Mimi mgeni akisumbuka, silali."