Mkanda wa Wepesi

Jumamosi mchana nilikuwa mwamuzi wa mieleka ya maonyesho katika ukumbi wa kukodi mtaani Sydenham. Siku nyingine nilichanganya rangi katika kiwanda cha mtaa wa Jacobs. Mwamuzi wa mieleka ile haamui mengi. Mshindi hupangwa kabla, na mwamuzi huinama kana kwamba anakagua kama bega limegusa sakafu, kumbe anamnong'oneza aliyelala kwamba muda umebaki kidogo.

Bingwa wa uzito mwepesi, mwenye mkanda wa wepesi, alikuwa Mrundi, kinyozi wa mtaa wa Berea. Kwa kumtazama yeye nilielewa kwamba anayerushwa ndiye hufanya kazi kubwa: huruka mwenyewe na kuchagua pa kuangukia. Sikumwona akimuumiza mtu.

Wanamieleka wepesi walipungua polepole. Mmoja alihamia Cape Town, mwingine alipangiwa zamu za Jumamosi, waliobaki wakaanza kunyanyua vyuma na kunenepa kwa makusudi, maana mabango yalikuwa na picha za wazito tu. Mwishowe bingwa hakuwa na wa kushindana naye.

Promota, Mkongomani mwenye duka la simu, alituita nyuma ya jukwaa.

"Kadogo," alimwambia bingwa, "batu banapenda banene. Leo unamupa huyu mukanda, kisha wepesi inaisha."

Aliyeonyeshwa alikuwa mlinzi wa duka lake, mwenye mwili mara mbili ya bingwa. Alijikuna shingo. "Kaka, mimi sikuomba."

"Najua," bingwa alimwambia. "Umekula nini?"

"Wali na maharage."

"Basi leo nitakufa kwa pumzi yako."

Mlinzi alicheka. Promota hakucheka.

"Na nikikataa?" bingwa alimuuliza.

"Baki nayo. Utavaa ukinyoa batu."

Bingwa akaenda kufunga viatu. Nilipanda ulingoni bila kujua angefanya nini. Tulikuwa na desturi moja ambayo promota hakuweza kuigusa: bega la aliyelala likiinuka kabla ya hesabu ya tatu, mwamuzi haendelei kuhesabu, hata kama mambo yalipangwa vingine. Bingwa angeweza kuinua bega, akaondoka na mkanda wake.

Mlinzi alichoka mapema. Alipojaribu kumnyanyua bingwa, alimfikisha kiunoni tu. Nilimwona bingwa akijisukuma kwa vidole vya miguu, akapanda mwenyewe hadi begani kwa mwenzake. Wakaanguka pamoja, bingwa chini, kiganja chake kikiwa kwenye paji la uso la mlinzi ili asigonge mbao za ulingo. Lilikuwa anguko safi kabisa. Ukumbi ukamshangilia mlinzi.

Nikapiga sakafu: moja. Mbili. Mkono wangu ukachelewa hewani. Bega la bingwa lilikuwa limetulia. Alifumbua jicho moja.

"Hesabu, mzee. Jamaa ananibana mbavu."

Nikapiga ya tatu.

Mkanda haukuzunguka kiuno cha mlinzi, hivyo akautundika begani. Alimnyooshea bingwa mkono amwinue, naye akaupokea. Nilingoja nihisi kitu, hasira au huzuni, lakini nilihisi tu kiganja kikiniwasha kwa sababu ya mbao. Bingwa alivaa fulana yake, akashuka kwa ngazi ya nyuma.

Pambano lililofuata lilikuwa la wazito wawili. Nilikagua kucha zao na kamba za viatu kama kawaida, kisha nikaashiria kengele ipigwe. Jumamosi zilizofuata hakuna mtazamaji aliyeniuliza wepesi wameenda wapi.