Mkwe Dresa

Nanzala alikuwa mjane, mchuma pareto katika shamba la mzungu mmoja upande wa Kaptagat. Alikuwa na mabinti wawili: Selpha, aliyeolewa mjini Eldoret, na Rosebella, kitindamimba aliyekuwa bado mgongoni baba yake alipokufa.

Mwaka wa 1938, akioga, mkono wake ulikuta uvimbe kwenye kinena, pale paja linapoanzia. Ulikuwa mdogo kama haragwe, wala hauumi. Lakini mama yake mzazi aliuawa na uvimbe wa titi, na Nanzala ndiye aliyeosha kile kidonda mpaka siku ya mwisho. Alikaa chini palepale penye karai, akalia.

Hospitali ya Waafrika huko mjini ilikuwa na dresa mmoja, yaani msaidizi wa daktari, wa kupokea wagonjwa, naye alikuwa Elphas, mume wa Selpha. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Kwao Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawapeani mkono wala hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini sidhani kama kati yao kuna aliyekuwa na mkwe dresa. Nanzala aliimba kanisani kila Jumapili, na alijua vizuri pasta anavyozikemea mila hizo. Hata hivyo, aliona afadhali kaburi.

Baada ya miaka miwili uvimbe ulikuwa umefikia ukubwa wa yai. Selpha aliona jinsi mama yake anavyotembea, akamwambia mumewe. Elphas alikuja Jumapili moja, akasimama nje, ameupa ukuta mgongo kama adabu inavyotaka.

"Mama," alisema, "nasikia uko na uvimbe. Sitaki kuona. Niambie tu kwa mdomo: ni ngumu ama ni laini? Ukisukuma na kidole, inatembea?"

Nanzala alikuwa ndani, mkono juu ya uvimbe wenyewe. Ulikuwa laini, na ulitembea. Lakini akijibu hilo ataulizwa uko wapi, na mahali penyewe hapatamkiki.

"Ni kichwa tu, baba," alijibu.

Elphas akaacha vidonge dirishani, akaenda zake. Ukitaka kumkasirikia huyu mama, mkasirikie. Mwenyewe alijikasirikia kukuzidi.

Mwezi huohuo aliamua kwamba hataacha yatima kwenye shamba la mzungu. Alimpeleka Rosebella, aliyekuwa na miaka minne, kwa shemeji yake Kituyi huko Kimilili. Alimwambia mke wa Kituyi amchukue awe wake kabisa, kwa maana yeye mwenyewe hamalizi mwaka. Na ili mtoto asimzoee mtu wa kufa, hakurudi kumwona.

Kifo hakikuja. Pareto ilichumwa na kukaushwa, msimu baada ya msimu. Nanzala alikonda, lakini kilichomkondesha ni mawazo.

Mwaka wa 1948 Elphas alihamishiwa Kitale, na wiki hiyohiyo Nanzala alishuka mjini. Dresa mpya alikuwa Mnandi aitwaye Kipyego, mtu asiyehusiana naye kwa lolote. Aliushika uvimbe kwa vidole viwili, ukateleza chini ya ngozi. Alimuuliza ulianza lini, kisha akamwita daktari, akamwambia anachodhani, naye daktari akaubonyeza na kukubaliana naye.

"Mama, hii ni mafuta tu," Kipyego alisema. "Watu wengi wako nayo begani ama mgongoni. Yako ndiyo imechagua mahali pa aibu. Ile mbaya ingekuwa ngumu, imeshika ndani, na haingekungoja miaka kumi."

Nanzala hakushukuru. Aliuliza basi la Kimilili huondoka saa ngapi.

Aliwakuta uani wakipukuchua mahindi, mke wa Kituyi na msichana mrefu mwenye paji la uso la marehemu baba yake. Alimwita kwa jina. Rosebella aliinuka, akamsalimu kwa mikono miwili, akamletea kiti, akamletea na maji. Moyo wa Nanzala ulimuuma kwa jinsi mtoto alivyolelewa vizuri.

Kisha msichana akamgeukia mke wa Kituyi.

"Mama," aliuliza kwa sauti ya chini, "huyu mgeni atalala ama anaenda?"

Mke wa Kituyi alifungua mdomo, lakini Nanzala alimtangulia.

"Naenda tu," alisema.