Vipande vya njugu na asali vilivyomzuia mama mkwe asirudi Bungoma

Wakuu, niaje humu ndani.

Leo nimebahatika kupata kompyuta ya cyber ambayo herufi zake zote zinafanya kazi, kwa hivyo wacha niwape kisa cha jikoni kwangu. Sijaongeza chumvi mahali popote, isipokuwa ile iliyokuja na crisps.

Mimi ni mtu wa Wangige. Mke wangu, Nekesa, ni Mbukusu wa Bungoma. Tunaishi ghorofa ya nne nyuma ya Kenyatta Market, chumba kimoja cha kulala na jiko la kusimama mtu mmoja. Kazi yangu ni ukarani katika ofisi ya bima huko town.

Mwaka jana mwezi wa saba tulipata mtoto wetu wa kwanza. Nekesa alijifungua kwa upasuaji, akarudi nyumbani hawezi hata kuinua sufuria. Ofisini walinipa hongera, likizo hawakunipa.

Basi mama yake akaja kutoka Bungoma kumsaidia. Hapo ndipo shida ilipoanza, na haikuwa shida ya ubaya.

Kwao Nekesa, mama wa msichana hali chakula kilichopikwa kwenye moto wa mkwe wake mpaka sherehe ya kumkaribisha ifanywe. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wamepanga kuifanya Desemba, lakini mtoto akatangulia. Wajomba wakakaa, wakamruhusu mama alale kwangu kwa ajili ya mjukuu. Kula, hapana.

Tena mama mkwe na mkwe hawazungumzi ana kwa ana. Tunakuwa sote sebuleni, mimi kwenye kochi, yeye kwenye stuli karibu na mlango ameangalia pembeni, naye anasema, "Nekesa, mwambie baba mtoto maziwa yameisha." Nami nimesikia kila neno, lakini nangoja niambiwe.

Najua kuna mtu ataandika hapa chini kwamba hayo ni mambo ya kizamani. Ndugu yangu, kila nyumba na mila yake. Kwetu pia kuna vitu vyetu, na mkataa kwao ni mtumwa.

Alikuja na viazi vitamu vya kuchemshwa na simsim kutoka kwake. Vilipoisha, akaanza kuishi kwa mkate, ndizi na maziwa baridi. Asubuhi mkate, jioni mkate. Na huyo ndiye aliyekuwa akimwogesha mtoto, kufua nepi na kumpikia Nekesa uji ambao yeye mwenyewe hangeuonja.

Nilijaribu kumnunulia chakula sokoni. Kikifika ghorofa ya nne kimeshapoa, na kukipasha ni kwenye moto wangu, kwa hivyo tumerudi pale pale. Siku moja alikula ugali baridi hivyo hivyo, tumbo likamsumbua hadi kesho yake. Kushuka akae kwenye benchi la nyama choma peke yake katikati ya wanaume wanaogombania mbavu za mbuzi, mama wa kanisa wa umri wake? Hilo hata sikuthubutu kulitaja.

Nekesa akamwambia tuombe jirani awe anampikia. Mama akauliza, "Niombe jirani chakula na mtoto wangu yuko hai?"

Mwishowe mwili ukakataa. Asubuhi moja, akiwa amembeba mtoto baada ya kumwogesha, kizunguzungu kikamshika, akaegemea ukuta na kuteleza polepole mpaka sakafuni. Mtoto hakuumia. Lakini mimi niliyekuwa nafunga tai niliona kila kitu.

Baadaye akasema, "Nekesa, mwambie baba mtoto Jumamosi nitarudi nyumbani. Nisije nikaangusha mtoto wa watu."

Wakuu, niliogopa. Mama akiondoka, Nekesa na kidonda chake wanabaki na mtoto mchanga kutwa nzima, mimi niko town. Dada zangu wote wana kazi, na mamangu alikuwa anamuuguza babu. Nilienda kazini siku hiyo nikiwa mtu wa kuhurumiwa.

Ofisini nakaa mkabala na Akinyi. Huyu Akinyi ana tabia ya kuleta vipande fulani vya njugu na asali, vitamu halafu kuna ka-chumvi kwa nyuma. Aliniona nimenuna akanisukumia kimoja.

"Kula, bwana. Uso yako inanikatisha tamaa."

Nikamsifu, nikamuuliza anavioka vipi. Akacheka.

"Ni nani ako na oveni? Hii haiokwi. Unachanganya tu, unaweka kwa fridge, kwisha."

Niliacha kutafuna. Nikamweleza habari ya mama mkwe, na yeye kwa sababu ni Mjaluo sikuhitaji kueleza sana.

"Ata kwetu hawezi kula," akasema. "Sasa wewe si umtengenezee hii? Haijui moto."

Akaniambia kila kitu nami nikakiweka kichwani. Jioni nikapitia sokoni. Njugu nilizichukua kwa mama mmoja anayekaanga mwenyewe pale pale, yaani moto wake si wangu. Nikachukua siagi ya njugu, oats, zabibu kavu na crisps za chumvi. Asali tulikuwa nayo nyumbani.

Nekesa alinielekeza akiwa kwenye kochi. Nikaponda njugu na crisps kwa chupa ya soda mpaka jirani wa chini akagonga dari. Mambo yalikwenda vizuri mpaka nilipofungua asali. Mnajua baridi ya Julai hapa Nairobi. Ilikuwa imeganda, kijiko kinasimama chenyewe.

Na mimi, bila kufikiri, nikaitia kwenye sufuria na kuwasha gesi.

Ikayeyuka vizuri sana. Nyumba nzima ikanukia. Nikachanganya, nikashindilia kwenye sinia, nikaweka kwenye friji. Kesho yake asubuhi nikakata vipande, kimoja nikakiweka kwenye kisahani na kumpelekea mama kwa mkono wa Nekesa.

Mama alikishika. Akakinusa. Akakinusa tena.

"Nekesa, muulize baba mtoto. Hii asali iliguswa na moto?"

Nekesa aliniangalia na macho yake yalisema wazi, dawa ni kukana tu. Ulikuwa uongo mdogo, wa kumlisha mtu mwenye njaa. Neno "hapana" lilikuwa mdomoni.

Lakini njia ya mwongo ni fupi, na huyu mama alikuwa amelala njaa kwangu ili asinivunjie heshima. Ningemlisha uongo namna gani?

"Mwambie ndiyo," nikasema. "Kidogo tu. Nilisahau."

Akakirudisha kwenye kisahani taratibu, akakifunika kwa kitambaa. "Mwambie ahsante kwa kusema ukweli."

Nilifungasha vile vipande vyote nikavipeleka ofisini kwa hasira. Watu walivimaliza kabla ya saa nne. Akinyi aliposikia nilichofanya alipiga meza.

"Moto ya nini sasa? Mbona hukuiweka kwa jua?"

"Jua gani?" nikamuuliza. Tulikuwa hatujaliona karibu wiki nzima.

Akafikiri kidogo, kisha akanyoosha kidole nyuma ya monitor yangu.

Ofisini kwetu bado tunatumia zile za kisogo kirefu. Ukiziwasha asubuhi, kufikia mchana kwa juu zina joto kama paka aliyelala. Kuna wenzetu hupashia chapati pale. Basi kesho yake nikaja na asali nyingine kwenye chupa, nikaiweka juu ya kompyuta, na kila nikimaliza faili moja naigeuza.

Bosi wetu akapita, akasimama. "Hiyo mashine imeanza kutoa asali?"

"Ni ya mama mkwe, mzee."

Alinitazama, akatazama chupa. Nafikiri naye ameoa mbali, maana alisema tu, "Isimwagike kwa keyboard," akaenda zake.

Kufikia jioni ilikuwa inamiminika. Niliificha ndani ya sweta, nikafunga koti juu yake na kutembea kutoka town mpaka nyumbani bila kusimama, nikiwa nimejishika tumbo. Watu walinipisha njia wakidhani mgonjwa.

Nilichanganya hapo hapo. Njugu za sokoni, crisps, oats, zabibu, siagi ya njugu, kisha asali juu. Nikashindilia kwa nguvu zangu zote, nikavifungia kwenye friji. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Mfuko wa mama ulikuwa tayari umefungwa, uko karibu na mlango.

Asubuhi ya Jumamosi Nekesa akampelekea kisahani. Mama akanusa.

"Muulize asali hii iliyeyushwa na nini."

"Mwambie ni kompyuta ya ofisini."

Mama akakunja uso. "Kompyuta ni moto?"

"Hapana mama," Nekesa akamwambia. "Ni kama televisheni."

Akatafakari. Mimi jasho linanitoka na ni Julai. Akauliza njugu zimekaangwa na nani, akaambiwa mama wa sokoni. Akauliza crisps, akaambiwa zimetoka kibandani.

"Televisheni haipiki," akasema.

Akafumba macho, akaomba ombi refu ajabu kwa kipande kidogo vile, akala. Akala cha pili. Cha tatu alikitia mfukoni mwa leso. Halafu akainuka, akauchukua ule mfuko wake pale mlangoni na kuurudisha chumbani.

Nilienda jikoni nikafungua bomba la maji ili wasinisikie. Sioni aibu kuwaambia nililia. Nilikuwa nimebeba ule mzigo siku zote hizo na sikujua uzito wake mpaka ulipotua.

Alikaa mpaka Nekesa akapona kabisa. Kila baada ya siku chache naenda kazini na chupa ya asali, mpaka walinzi wa mlangoni wakaanza kuisalimia.

Desemba wazee wakaja, wakabanana kwenye lile kochi letu, sherehe ikafanywa. Mama akapewa kuku aliyepikwa jikoni kwangu, akala mbele ya watu wote wakapiga vigelegele. Alipomaliza alinawa mikono, akageuka, akaniangalia usoni. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Baba mtoto. Vile vipande nilivyorudisha siku ile, vya asali ya moto, viko wapi?"

"Tulivila, mama. Ofisini."

"Nilivitamani mpaka machozi yakanitoka," akasema. "Washa hilo jiko utengeneze vingine."

Wakuu, nilichojifunza ni kimoja. Mila ya mtu usiishindanishe na akili zako. Izunguke polepole ukitafuta mlango, na ukiulizwa, sema ukweli hata kama mdomo unakataa. Kama siku ile ningekana, leo ningekuwa namwogopa huyu mama machoni.

Na nyinyi je, mmewahi kukwama na mila ya wakwe mkatoka vipi? Wenye mbinu nyingine ya kulainisha asali pia waseme, maana nasikia ofisi inataka kutuletea monitor za bapa. Wacha nikimbie, mama yuko kwangu wiki hii na nimeacha jiko linawaka.