Chai ya Muthoni na Moyo Uliokimbia Nikiwa Nimelala

Nyonga yangu ya kushoto ilikuwa imeisha. Daktari wa mifupa pale Thika alikubali kuibadilisha, lakini kwanza alitaka barua ya kusema moyo wangu utavumilia upasuaji. Bila barua, hakuna kisu. Na bila kisu, ng'ombe wangu angeendelea kukamuliwa na jirani, mtu wa mikono baridi kama bomba la asubuhi. Ng'ombe akawa ananitazama kama mke aliyeachwa. Haya, tumwache ng'ombe.

Kipimo kilikuwa Ruiru. Niliambiwa nitadungwa dawa ya kukimbiza moyo nikiwa nimelala, wauangalie kwa mashine. Na nisije nimekula.

Sasa mimi natoka Landless, mtaa wa huko Thika, na binti yangu ameolewa Ruiru. Nikapita kwake asubuhi, nikamkuta mama ya mume wake. Huyo kwetu ni muthoni, mtu wa kuheshimiwa mpaka unaogopa kukohoa mbele yake. Akaniletea chai ya maziwa, kikombe cha kunyweshea ndama. Wewe ungekataa?

"Umekula, guka?" nesi akaniuliza nilipofika kwenye kipimo, akiniita babu kwa Kikuyu.

"Sijakula."

"Hata kitu kidogo?"

"Si nimesema sijakula? Ni chai tu. Vikombe viwili."

Nikarudishwa nyumbani.

Wiki iliyofuata muthoni alinisindikiza mwenyewe, chupa ya chai kwapani. "Hii ni ya baadaye," akasema. "Ukiigusa, namwambia binti yako."

Nikalazwa kwa ubavu, shati hakuna, waya kifuani. Dawa ikaingia mshipani. Wee! Moyo ulitoka mbio kama mbuzi aliyeona shamba la mahindi halina mlango, na mimi sijasongeza hata kidole cha mguu. Daktari, macho kwenye skrini, akauliza nasikia nini kifuani.

"Kifuani hakuna kitu. Ni tumbo, linasikia njaa."

"Basi nyamaza, mzee, unanitikisia picha."

Kati ya mambo yote ya siku hiyo, kunyamaza ndiko kulikonishinda.

Moyo ulipotulia, akasema haukulegea popote hata ulipokimbizwa, kwa hivyo hatari ya kuniangusha kwenye upasuaji ni ndogo, ingawa yeye si Mungu. Akaandika barua.

Barua ilikuwa ya Kiingereza, na mimi shule niliiachia darasa la tatu, kwa hivyo huko nje nilimpa muthoni asome. Akasoma mpaka mwisho, akaikunja, akanimiminia chai.

"Kunywa," akasema. "Na siku ya kupasuliwa, usipitie Ruiru."